Modemu mbadala ya dishi inapokea lakini haitumi. Niko Ukara, naomba msaada

Mwl_Bwisya
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Bwisya, kisiwani Ukara. Huu ni mwaka wa nne natumia intaneti ya dishi nyumbani. Mwezi uliopita radi ilipiga, modemu ikafa palepale. Kampuni wakaniambia nipeleke mbovu Mwanza nipewe nyingine. Safari yenyewe mnaijua: kivuko hadi Bugolora, gari hadi Nansio, halafu meli saa tatu na zaidi.

Juzi nimeifunga mwenyewe. Nyaya mbili za dishi nimezirudisha zilivyokuwa, maana kabla ya kuzifungua nilizifunga vitambaa, chekundu wa kutuma, cheupe wa kupokea. Taa ya mapokezi inatulia kijani. Taa ya kutuma inapepesa kama dakika mbili, kisha modemu nzima inazima na kujiwasha upya. Usiku kucha inarudia hivyo. Nguvu ya mawimbi inasoma 11.0. Ile ya zamani ilikuwa 11.2, niliiandika kwa chaki nyuma ya kabati.

Fundi wa kampuni kaniambia kwa simu kwamba radi imeua transmita iliyo kwenye mkono wa dishi. Kubadilisha ni laki nne na nauli yake juu. Pensheni yangu haifiki huko. Nina vijana sita wa mtaani wanaojaza maombi ya mkopo wa chuo hapa kwangu, na muda unaisha. Nianzie wapi?

KijanaNansio
Shikamoo Mwalimu. Chukua pini, bonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma sekunde 15, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Yangu ilipona hivyo.

FundiMadishi
Shikamoo Mwalimu. Nakuomba hicho kitufe usikiguse. Mdogo wangu, nadhani yako ilikuwa ruta. Modemu ya setilaiti inabeba mipangilio ndani: masafa, setilaiti gani, latitudo na longitudo ya nyumba. Ukivifuta bila kuwa navyo kwenye karatasi, Mwalimu anapanda meli tena.

Juu ya paa pia usipande, wala mtu asikupandie. Kutoka 11.2 hadi 11.0 si kitu, hata wingu linaleta tofauti hiyo. Maana yake dishi halijasogea, na kichwa cha kupokea ni kizima. Hizi setilaiti ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mtu akilegeza nati moja tu, kulirudisha dishi bila kipimo ni kazi ya siku nzima.

Kinachonisumbua ni huko kuzima. Transmita ikifa, mara nyingi modemu inabaki imewaka, inaonyesha kosa tu. Ikizima kila inapojaribu kutuma, mimi nauliza umeme kwanza. Transmita ya juu haina umeme wake, inalishwa na modemu kupitia waya uleule wa dishi. Kupokea kunakula umeme kidogo, kutuma kunakula mwingi. Shoti huko juu inaweza kuleta dalili hiyohiyo, sikatai, lakini kabla ya laki nne nijibu haya: adapta unayotumia ndiyo iliyokuja na modemu hii? Kibandiko chake kinasemaje?

Mwl_Bwisya
Marahaba wanangu. La, natumia adapta ya zamani. Ile mpya ina plagi ya pini mbili za duara, na soketi zangu zote ni za pini tatu. Nikaona kichwa kinaingia sawasawa kwenye modemu, nikajua ni kitu kilekile. Nimevaa miwani nikasoma. Ya zamani: volti 24, ampea 1.5. Mpya: volti 30, ampea 2.

FundiMadishi
Hapo hapo Mwalimu. Ya zamani inatoa wati 36, mpya wati 60. Modemu inawaka, inapokea, ikiita transmita umeme unashuka, inazima.

Nunua kigeuza plagi, au ekstensheni yenye matundu ya kila aina. Tafadhali usifanye ile ya kuchomeka kalamu tundu la juu ili pini mbili ziingie. Zima umeme kabla ya kugusa waya wowote wa dishi. Ikishaanza kutuma, iache. Huenda ikapakua programu yake na kujiwasha mara moja au mbili, usiizime katikati.

MamaSengerema
Naongeza moja. Mimi nilipobadilishiwa, taa zote zilikuwa kijani na hakuna ukurasa uliofunguka siku mbili. Kumbe kwenye mfumo wao akaunti yangu ilikuwa bado na namba ya modemu ya zamani. Piga, wasomee namba iliyoandikwa chini ya modemu, herufi moja moja.

Mwl_Bwisya
Nimerudi. Ekstensheni nimeipata dukani hapa Bwisya, elfu nane. Nimewasha saa 11 jioni kwa adapta mpya. Taa ya kutuma imepepesa, nimeshika roho, ikatulia. Haikuzima. Ikapakua mambo yake kama dakika ishirini, ikajiwasha mara moja, taa zote kijani.

Halafu ikawa kama alivyosema MamaSengerema, hakuna kilichofunguka. Nimepiga, binti wa huko akaniambia modemu yangu inasomeka imekufa. Nikamwambia mwanangu, hiyo imekufa kweli, iko kwenu Mwanza, nisomee namba uliyonayo. Hazikufanana. Kairekebisha, kaniambia nizime niwashe, na ukurasa wa kwanza umefunguka saa 2 kasoro usiku.

Vijana wanne wamemaliza maombi usiku uleule, wawili wanarudi asubuhi na vyeti vya kuzaliwa. Adapta ya zamani nimeikata kichwa ili asije mjukuu akaichomeka. FundiMadishi, uliniokolea pesa ambayo sikuwa nayo, Mungu akuzidishie. Sasa nataka waya wa ardhi kabla ya masika. Nguzo ya dishi iko juu ya jabali, udongo ni kama futi moja. Fimbo ya shaba naichimbia wapi?

FundiMadishi
Amina Mwalimu. Usilazimishe jabalini. Tafuta pale maji ya kuogea yanapomwagika au kwenye migomba, penye udongo wa kina na unyevu, hata kama waya utakuwa mrefu kidogo. Nipe umbali kutoka kwenye nguzo kwa hatua, nikwambie unene wa waya wa kununua.

Mwl_Bwisya
Migomba iko hatua kumi na moja. Fundi wa kampuni nimeshampigia, asije.