Re: Mtoto ana macho ya njano, mama anasema aote jua

Habari za jioni, ndugu zangu wa Mbeya na Iringa. Mtoto wetu ana siku nne. Tangu jana weupe wa macho yake umekuwa wa njano. Mama yuko Uyole, kaniona kwa video, anasema nimtoe aote jua la asubuhi. Huku Uingereza ni Januari, jua lenyewe liko wapi? Nifanyeje?

---

Mdogo wangu, hongera kwa kujifungua salama. Mpigie mkunga sasa hivi, usingoje siku yake ya kuja, umwambie unataka mtoto apimwe bilirubini. Ukishapiga ndipo usome haya.

Chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjwa, na humo hutoka rangi ya njano, ndiyo bilirubini. Ini huishughulikia na kuitoa pamoja na nyongo, ikaishia chooni. Mtoto mchanga ana chembe nyingi zinazokufa upesi, na ini lake bado halijazoea kazi. Rangi inarundikana. Watoto wengi hupata njano siku ya pili au ya tatu, ikaisha ndani ya wiki mbili. Ikipanda mno huingia kwenye ubongo, na ulemavu wake hauondoki. Njano ya ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto anayelala tu na kukataa kunyonya, ni hospitali moja kwa moja.

Ngozi yetu inaficha. Mkunga alimtazama mwanangu usoni, chini ya taa ya sebuleni, akasema hana shida. Alipoondoka nilimpeleka mtoto dirishani, nikambonyeza fizi kwa kidole. Nilipoachia, palikuwa pa njano kama ndizi mbivu. Nilidai kipimo, na jioni ile akalazwa chini ya taa ya buluu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwa macho tu.

Mama hajakosea kuhusu mwanga, kwani ndio unaoibadilisha bilirubini mwili uweze kuitoa. Mkubwa wangu nilimzaa Tukuyu, naye aliota jua kibarazani. Lakini jua halina kipimo, na ukimvua nguo kwenye baridi hii utamuumiza. Mnyonyeshe, hata mara 8 hadi 12 kwa siku, apate choo.

Nguo alizotuma mama zina harufu ya vile vidonge vyeupe vya naftalini? Usimvalishe kabisa! Baadhi ya watoto wetu huzaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, na naftalini huzivunja kwa kasi.

Ukipewa mkalimani, usiseme "homa ya manjano". Mimi nilisema hivyo, tukapoteza muda tukiulizwa habari za mbu na chanjo. Sema macho na ngozi vimekuwa vya njano.

Na choo kikiwa cheupe kama chokaa, au njano ikapita wiki mbili, rudi upesi. Huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hautaki kuchelewa.

Dada yako wa Leicester

---

Ndaga fijo, dada. Tuko wodini. Wamemtoboa kisigino, kipimo kiko juu, yuko chini ya taa amefunikwa macho. Damu yangu ni O, yake A, wanasema ndiyo chanzo. Mama ameona kwa video akalia, nikamwonyesha anavyonyonya, akatulia. Zile nguo zilikuwa na naftalini. Nimempigia mume wangu azitoe nje.