Mrejesho: Jioni yetu Nairobi

Wakuu, niliomba ushauri wapi pa kupitisha jioni tulivu na mke wangu Nairobi, sisi tukitokea Tanga. Asanteni sana. Tulianza juu ya KICC (Kenyatta International Convention Centre), lile jengo refu la mikutano la mwaka 1973. Mlima Kenya tuliahidiwa, mawingu yakatunyima. Ila kuitazama Uhuru Park kutoka kule, roho kwatu. Kisha nyama choma Kenyatta Market: mbavu za mbuzi zilizokatwa kwenye ubao, ugali, kachumbari yenye pilipili ya kutoa machozi. (Wasusi wa pale wana maneno! Mama watoto nusura asukwe.) Matembezi ya usiku mjini hayakuwezekana, mvua ilishuka. Na aliyesisitiza tubebe sweta, Mungu akubariki.