Farasi wa lupango ya kona

*Kundi la simu: Majirani wa Avenyu, Lubumbashi*

Mama Nadège: Jambo zenu. Farasi wa lupango (uwanja wenye ukuta) ya kona amelala tangu jana, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Kesho kazi mbili (Jumanne), saa kumi na mbili asubuhi, vijana watatu na kamba, tumtoe. Nani anakuja?

Mama Nadège: Mnasoma, hamjibu.

Trésor: Mimi, nikiruhusiwa kumpanda mpaka Katuba 😂

Mama Nadège: Trésor, mnyama anakufa.

Dokta wa mifugo: Mama, kamba hapana. Farasi aliyelala kwa njaa akivutwa shingo anaumia zaidi. Kwanza apimwe: hali ya mwili 1 mpaka 9, tano ndiyo nzuri, moja ni mifupa. Mbavu na nyonga zishikwe kwa mkono, manyoya hudanganya macho. Ufizi uangaliwe. Ngozi ya shingo ukiifinya ikichelewa kurudi, maji yamepungua. Kwato pia. Yote yaandikwe, tarehe, picha, sahihi yangu.

Mama Nadège: Karatasi itamlisha?

Yaya Patou (Leeds): Karatasi ndiyo inayofungua mlango, Nadège. Huku Uingereza sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006, kifungu cha 18: daktari wa mifugo akithibitisha kwamba mnyama anateseka, au atateseka hali isipobadilika, polisi au inspekta wa serikali anaweza kumchukua. Kama haiwezekani kumngoja daktari, anachukua bila karatasi. Kifungu cha 19 kinamruhusu kuingia uwanjani au zizini bila kibali, lakini ndani ya nyumba ya kuishi mpaka hakimu aandike kibali. Watu wa vyama vya kutetea wanyama sheria hiyo haiwapi ruhusa ya kuingia, hata wakivaa yunifomu. Halafu mahakama ndiyo inaamua: atibiwe, auzwe, apewe mtu mwingine.

Tonton Kas: Hiyo ya Bulaya. Hapa katiba, kifungu cha 29: makao ya mtu hayaingiliwi ila kwa njia ya sheria. Tukiruka ukuta, sisi ndio tutapelekwa parke, kwa mwendesha mashtaka.

Mama Béa: Na mwenye farasi ni yule ambaye hakulipa senti ya pampu. Leo tumlishie farasi?

Tonton Kas: Hakukataa kulipa. Kitabu cha malipo kilipotelea kwa nani?

Mama Béa: Sema jina basi.

Mama Nadège: Ya pampu tulimaliza!! Dokta, mimi nina gunia la mahindi, nimtupie juu ya ukuta?

Dokta wa mifugo: USITUPE. Wala pumba, wala bunga (unga). Wanga ukiingia ghafla, madini ya damu yanakimbilia ndani ya chembe za mwili, na moyo unasimama siku chache baadaye, watu wakidhani amepona. Lusene kavu (majani ya kulisha mifugo), nusu kilo kila saa nne, usiku pia, mara sita kwa siku, siku tatu za kwanza. Baadaye unaongeza polepole kwa siku kumi hivi. Maji safi yasikosekane. Jioni awe ndani, kuna visubi wanaoleta ugonjwa wa farasi.

Trésor: Saa nane za usiku nani anaamka? 😅

Mama Nadège: Wewe.

Papa Kabwe: Nimesoma yote. Lupango ya mtu haiingiwi kwa kamba. Nitaenda mimi na shefu wa kartié (mkuu wa mtaa), mchana, Dokta nyuma yetu. Mwenyewe akikubali, Dokta apime palepale. Akikataa, tunaenda kwa OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) na picha. Nadège, usitangulie. Na habari ya pampu isirudi humu.

Mama Nadège: Ndiyo, papa.

Mama Béa: Ndiyo, papa.

Yaya Patou (Leeds): Papa, mwenyewe apewe maandishi: kosa gani, afanye nini, kwa siku ngapi. Huku wanaanza hivyo kama mnyama hajafika pabaya.

Dokta wa mifugo: Huyu amefika. Siku mbili, si zaidi.

Mama Nadège: Na akichukuliwa, atakaa wapi? Nani ana uwanja na kivuli? Lusene nani ananunua?

Mama Nadège: ??

Mama Nadège: Tonton Kas, una ile bohari.

Tonton Kas: Bohari ina saruji. Tutaona.

Jeannot: Asubuhi njema. Nimefika kona na kamba, mbona hakuna mtu?

Mama Nadège: Jeannot, SOMA JUU. Usiingie. Angalia tu kwa mlango: ameinua kichwa?