Haversini inanizidishia kilomita 3, kosa liko wapi?

mpima_njia
Wakuu, nakokotoa umbali kati ya minara kwa Python. Nimejaribu nukta mbili zenye longitudo moja, 37: ya kwanza iko ikweta, ya pili latitudo -5. Haversini (fomula ya umbali juu ya tufe), kwa nusu kipenyo cha km 6371, inatoa km 555.97. Programu ya ramani inasema km 552.89. Digrii nimeshazigeuza kuwa radiani. Je, ni desimali zinapotea?

nyuzi_na_dakika
Desimali hazihusiki, mkuu. Hesabu yako ni sahihi kwa dunia iliyo tufe kamili, ila hii yetu imebonyea. Kwa WGS84 (umbo la dunia linalotumiwa na GPS), nusu kipenyo cha ikweta ni m 6,378,137, cha kwenye ncha ni m 6,356,752. Hapa ikweta, digrii moja kwenda kaskazini au kusini ni km 110.57, kwenda mashariki au magharibi ni km 111.32. Haversini inazipa zote km 111.19. Kwa hiyo kaskazini-kusini unazidisha 0.56%, mashariki-magharibi unapunguza 0.11%. Usichezee ile 6371 ili majibu yalingane, maana ukinyoosha upande mmoja unapinda wa pili. Tumia hii, ya maktaba ya Python iitwayo pyproj:

```
from pyproj import Geod
g = Geod(ellps="WGS84")
_, _, mita = g.inv(37, 0, 37, -5)
```

Utapata kama 552,885. Longitudo ndiyo inayotangulia! Ukipishanisha, programu haitalalamika, kwa sababu longitudo kama 39 ya Dar es Salaam ni latitudo halali pia. Jiji litahamia Hispania kimyakimya. Na usijiandikie Vincenty (fomula nyingine ya umbali kwa dunia iliyobonyea) kwa mkono: nukta zikikaribia kuwa pande mbili kinyume za dunia, hesabu yake ya kurudiarudia haifikii jibu.

jedwali_la_ramani
Kama minara iko PostGIS (hifadhidata ya ramani), safu iwe aina ya `geography`, inayopima kwa mita. Ikiwa `geometry` ya 4326 (namba ya WGS84 kwa digrii), `ST_Distance` inakurudishia digrii, na watu huzizidisha kwa 111 wakidhani wamemaliza. Kutafuta minara iliyo ndani ya km 5, andika `ST_DWithin(a, b, 5000)` ili faharasa ya GiST, inayoharakisha utafutaji, itumike. Pia hifadhi namba kwa `double`. Kwenye longitudo 39, namba ya biti 32 inaruka karibu sm 42 kila hatua.

fundi_datamu
Kagua data ilikotoka kabla ya yote hayo. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania ni za Arc 1960 (datamu, yaani msingi wa kupimia mahali, ya zamani ya Afrika Mashariki), si WGS84. Nukta zote mbili zikiwa Arc 1960, umbali hautakusumbua sana. Ukichanganya moja ya GPS na moja ya ramani ya zamani, unaongeza kosa la takriban mita 300, na hapo pyproj haikusaidii mpaka ubadilishe kwanza, kwa mfano EPSG:21037 (UTM ya Arc 1960) kwenda EPSG:32737 (UTM ya WGS84). Ukishakuwa kwenye UTM (ramani bapa ya mita) usipime kwa Pythagoras bila kukumbuka kizidishi cha 0.9996: karibu na longitudo 39, km 10 za ardhini zinasomeka pungufu kwa mita 4.