Picha ya bibi ikiwa kwenye laptop inang'aa, nikisafisha A3 inatoka giza. Nakosea wapi?

MjukuuWaPangani

Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana nimekwama na roho inaniuma. Mimi sio mpiga picha wa kazi, napiga kwa mapenzi tu, nina Canon 600D niliyonunua mtumba na lenzi ya 50mm. Mwezi uliopita nilikwenda Pangani kumsalimia bibi mzaa mama, nikamkuta kibarazani anasuka ukili, kavaa baibui na mtandio mweupe, nikamwambia bibi kaa hivyo hivyo usinitazame, nikapiga kama picha arobaini. Moja ilitoka yaani ukiiona kwenye laptop unaona mpaka rangi ya zambarau ya ukindu ilivyomganda kwenye kucha, na mikunjo ya baibui unaihesabu.

Usiku nikaiedit, nikaongeza kontrasti, nikakoleza vivuli ipate uzito. Jamaa wa studio hapa Tanga mjini akasema nitumie tu WhatsApp, nikatuma, kesho yake naenda kuchukua A3 yangu nakuta uso umekuwa giza, macho yamezama, baibui limekuwa doa moja kama limemwagiwa lami, kinachoonekana ni mtandio peke yake. Nikapeleka studio ya pili, afadhali kidogo ila giza lile lile. Hela imeenda mara mbili na bibi ana miaka 84, nimemuahidi picha hii kabla ya Ramadhani. Kosa ni la kwangu, la studio au la kamera?

ChumbaChaGiza

Pole sana mkuu. Niambie kwanza, ulipoedit usiku taa ya chumbani ilikuwa imewaka? Na mwanga wa kioo cha laptop uliweka ngapi? Nakuuliza kwa sababu nimepigwa na jambo hili mwaka mzima nikidhani mashine za studio ni mbovu. Kioo kinatoa mwanga wake chenyewe, karatasi haina mwanga, inasubiri wa dirishani au wa taa ndio ikurudishie. Ukiedit gizani na kioo kimepandishwa mpaka mwisho, picha yenye giza unaiona iko sawa, halafu na wewe unazidi kukoleza vivuli juu yake. Wanaoprinti kwa uhakika wanaweka kioo kati ya kandela (kipimo cha mwanga) 80 na 120 kwa mita ya mraba, na kuna vifaa vya kupimia lakini ni ghali. Mimi nafanya hivi: mchana, nakaa karibu na dirisha lakini jua lisipige kioo, nashika karatasi nyeupe ya A4 pembeni ya laptop, nafungua ukurasa mweupe mtupu, nashusha mwanga mpaka vile vyeupe viwili vifanane. Utashangaa utakavyoshuka. Ukishashusha fungua tena picha ya bibi, utaiona kama walivyoiona watu wa studio.

La pili, WhatsApp acha kabisa. Kamera yako inatoa pikseli 5184 kwa 3456, na A3 kwa nukta 300 kwa inchi inataka 4961 kwa 3508, yaani ulikuwa umefika kasoro kidogo tu. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inakatwa na kubanwa, upande mrefu unabaki kama 1600, hapo zile kucha umeshazipoteza. Peleka kwa flashi ya kuhifadhia mafaili, au kama lazima WhatsApp basi tuma kama dokumenti. Na ukitoa faili hakikisha rangi ziko kwenye mpangilio wa sRGB, studio nyingi mashine zao zinategemea hiyo, ukiwapelekea Adobe RGB rangi zinapauka.

DadaWaKisauni

Nakubali ya kioo lakini mbona hakuna aliyeuliza kuhusu nyuma ya bibi kulikuwa na nini? Kibaraza Pangani, mchana, nina hakika ukuta wa chokaa ulikuwa umepigwa jua. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, haijui bibi ni nani, inachojua ni kuufanya wastani wa kila inachokiona uwe kijivu cha katikati, sasa ikiona chokaa nyingi na mtandio mweupe inashusha mwanga, na anayeumia ni uso. Mimi napiga harusi huku Mombasa, bwana harusi na kanzu nyeupe, bi harusi mweusi mzuri, nikiiachia kamera iamue peke yake nyuso zinazama. Kwenye 600D kuna kitufe kimeandikwa Av na alama za kujumlisha na kutoa, kishike uzungushe gurudumu mpaka +1, ama uiweke mita ipime doa dogo tu, kwenye shavu lake. Angalia histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza na mwanga wa picha, usiamini kile kioo kidogo cha nyuma.

Ulipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera? Ukiwa na RAW ya 14 biti kila rangi ina ngazi 16,384, JPEG ina 256 tu, kwa hiyo vivuli vya baibui ukivivuta kwenye RAW vinakuja na mikunjo yake, kwenye JPEG vinakuja na matope. Programu ya kuziedit, Darktable, ni ya bure.

Na tafadhali kaka yangu, vuta uso peke yake, usipandishe picha nzima ukamfanya bibi mweupe. Hilo linaniudhi kila siku, mtu anamletea mamake picha iliyochujwa hadi ngozi imekuwa ya mtu mwingine. Zamani Kodak walikuwa wanazipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, wakiziita kadi za Shirley, na ngozi zetu zikalipia. Sasa tuna kamera zetu wenyewe, weusi wake uachwe, ila uwe na mwanga ndani yake.

Msafisha_Picha

Nafanya kazi studio. Mwambie fundi azime marekebisho ya otomatiki, mashine ikiachwa inabadilisha yenyewe. Na usianze na A3! Chukua sehemu ya uso, iweke mara tano kwenye saizi ya postikadi, kila moja umeipandisha mwanga kidogo kuliko iliyotangulia, safisha hiyo moja kwa bei ndogo, chagua, ndio utoe kubwa. Karatasi hakikisha ni ile ile utakayotolea kubwa. Matte, ile isiyong'aa, weusi wake haukolei kama wa glosi, ile inayong'aa.

MjukuuWaPangani

Wakuu nimerudi, samahani kwa kukaa kimya. Kioo kilikuwa mwisho kabisa, nimekishusha karibu nusu na kweli nikaona giza nililokuwa nampelekea fundi. RAW ilikuwepo, nimeanza upya, ile kontrasti nimeitoa yote, nikavuta uso na mikono tu. Nikasafisha postikadi ya nyuso tano, nikatoka nayo nje ya studio nikaisimamisha kwenye mwanga, ya tatu ndiyo yenyewe, ya nne mtandio ulishaanza kupoteza nyuzi. Fundi akazima otomatiki bila neno, A3 ikatoka kwa karatasi ya matte.

Juzi nimempelekea. Hakuangalia uso wake kabisa, aliisogeza mlangoni penye mwanga, akaweka kidole kwenye zile kucha za zambarau akasema, "Huu si ule mkeka wa harusi ya mdogo wako?" Ndio wenyewe. Sasa anataka na ya jirani yake, nakwenda Jumamosi, asubuhi kabla jua halijafika ukutani.