Sabufa ya Bluetooth inakatakata, shida nini?

Mpishi_wa_geto: Wakuu habari zenu, nina sabufa ya Bluetooth hapa geto, simu ikiwa mezani mziki unapiga fresh tu ila nikiitia mfuko wa nyuma nikaelekea jikoni inaanza kukwamakwama, na wife akiwasha maikrowevu ndo basi kabisa. Ni simu au sabufa ndo imekufa?

Waya_mwekundu: Mkuu hapo hakuna kilichokufa. Bluetooth inatumia mawimbi ya redio ya masafa ya GHz 2.4, WiFi nyingi zipo hapohapo na maikrowevu nayo hivyohivyo, sasa wote wanagombania njia moja. Halafu mwili wa mtu umejaa maji na maji yanakula hayo mawimbi, simu ikikaa mfuko wa nyuma we mwenyewe ndo unakuwa ukuta. Simu nyingi uhakika ni kama mita 10 tu, tena pasipo tofali katikati.

Mama Twins: Afadhali yako, mie sabufa yangu jirani ndo alikuwa anajiunga nayo, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi tumelala mara kwaya hiyooo 😂

dogo_janja88: hivi kwa nini inaitwa jino la bluu??

Waya_mwekundu: Jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark karne ya 10. Ile alama ya Bluetooth ni H na B za maandishi ya kale ya watu wa kwao zimebebana.

Mpishi_wa_geto: Nimehamishia simu mfuko wa shati, imetulia. Maikrowevu bado inazingua, leo tunakula kiporo cha baridi