Mrejesho: watoto 43, bodi mbili za sataranji

Wakuu, mwezi jana niliwauliza nifanyeje: darasa la tano hapa Busia upande wa Uganda, bodi mbili tu, na nikifika kete ya sita wameshasahau ya kwanza. Wamezoea omweso, yaani bao la Uganda, ambako mbegu zote ni sawa.

Aliyesema nianze na askari peke yao, ubarikiwe. Nane kwa nane, wa kwanza kufika mwisho ndiye mshindi. Wiki nzima tulicheza hivyo kwenye makaratasi ya boksi, kete vizibo vya soda, mpaka kula kwa mshazari kukawakaa. Ngome na askofu, dakika kumi tu.

Kasheshe ilikuwa farasi! Nikachora miraba 64 uwanjani, nusu yake nikaijaza majivu, mmoja najaza, unaofuata naacha. Mtoto akawa farasi: mbili mbele, moja kando, anaruka hata juu ya mwenzake aliyechuchumaa. Msichana mmoja akaropoka, "Mwalimu, akitoka kwenye majivu lazima atue pasipo na majivu!" Wala sikuwa nimewaambia.

Sasa tumekwama kwa mfalme. Bado wanataka kumla.